Zulia la sebuleni: manyoya marefu au mafupi?
Umeuliza kama zulia la manyoya marefu ulilolipenda litafaa sebule yenye watoto na mlango unaotokea nje moja kwa moja. Hapana, hilo lipeleke chumbani. Linameza makombo na mchanga, na kulisafisha ni adhabu. Chukua la manyoya mafupi yaliyosongamana.

Ukiwa dukani usiishie kulipapasa tu. Likunje kwa nyuma, manyoya yatazame nje, kisha angalia pale kwenye mkunjo. Ukiona kitambaa cha chini waziwazi kati ya nyuzi, manyoya ya zulia hilo yatalala bapa mapema hata likiwa nene vipi. Binafsi naamini kipimo hiki kuliko maneno ya muuzaji.

Angalia pia nyuzi zimetengenezwa kwa nini. Nailoni hustahimili kukanyagwa na huinuka tena. Polipropilini, aina ya plastiki, ni nafuu na haifyonzi maji, hivyo juisi ikimwagika hufutika kirahisi, ila kwenye njia ya kupita watu hulala upesi. Sufu ni tamu, mfuko ukiruhusu.

Ukubwa: angalau miguu ya mbele ya makochi ikalie zulia. Tandaza magazeti sakafuni uone kwanza, na hakikisha mlango hautakwaruza.