Maswali na majibu: Mgongo unaokaza bila wewe kujua

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa watu waliochoka kutoaminiwa. Majibu nimeyaegemeza kwenye kazi za Herta Flor, mwanasaikolojia wa Ujerumani aliyechunguza maumivu sugu kwa miongo kadhaa.

Mimi ni dereva wa daladala, Morogoro. Mgongo unaniuma mwaka wa nne sasa. Eksirei haikuonyesha kitu, na nyumbani wanasema ni mawazo tu. Ni kweli?

Pole sana, ndugu yangu. Maumivu yako ni ya kweli. Eksirei huonyesha mifupa. Msuli unaokaza haiuoni. Maumivu yakizidi miezi 3 huitwa sugu, na yana nafasi yake kwenye orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022.

Mwaka 1985 Flor na wenzake walichapisha utafiti wa watu wenye mgongo sugu. Walibandikwa mgongoni vihisio vya kupima mkazo wa misuli, wakaombwa wasimulie yanayowasumbua maishani. Wamekaa tu, hawajainua hata kijiko, lakini misuli ya mgongo ilikaza, na ikachelewa kulegea. Kwa wasio na tatizo la mgongo haikuwa hivyo. Sasa jitazame wewe: foleni, abiria wanagomba, hesabu ya tajiri haijatimia, trafiki yuko mbele. Mgongo umeshakaza kabla hujagusa breki.

Ila ukiona miguu inaishiwa nguvu, ganzi sehemu za siri, mkojo unakuponyoka, homa, au unakonda bila sababu, wahi hospitali siku hiyohiyo.

Nimesikia habari za bayofidibaki. Ni kupigwa shoti? (Mama wa watoto wawili, Mombasa)

Hapana, dada. Ni njia ya kujifunza kulegeza misuli kwa msaada wa mashine, na hakuna umeme unaoingizwa mwilini. Kihisio hubandikwa juu ya ngozi, kama vile vya kipimo cha moyo, kikasikiliza umeme mdogo mno ambao msuli wenyewe huutoa ukifanya kazi. Mashine huugeuza kuwa mlio au mstari kwenye skrini. Ukikaza, mlio unapanda, ukilegeza, unashuka. Mtu anakuapia kwamba bega lake limetulia, na mlio uko juu kabisa. Akishusha pumzi na kuliachia, anausikia ukiteremka, na hapo ndipo anapoamini. Baadaye mashine huondolewa, afanye mwenyewe akiwa jikoni au kazini.

Mwaka 1993 Flor na mtafiti mwenzake Niels Birbaumer walilinganisha njia 3 kwa wagonjwa 78 wa mgongo na taya: bayofidibaki ya misuli, tiba ya kisaikolojia, na matibabu ya kawaida. Baada ya miezi 24, waliopata bayofidibaki ndio pekee ambao nafuu yao ya maumivu ilikuwa imedumu. Kwangu mimi hiyo miezi 24 ndiyo yenye uzito, maana nafuu ya wiki mbili hata dawa ya kuchua huileta.

Baba alikatwa mguu kwa ajili ya kisukari. Usiku analia kwamba vidole vya mguu ule vinawaka moto. Wazee wanasema mguu haukuzikwa vizuri.

Mwambie baba hajarogwa, na wengi waliokatwa kiungo wanayajua maumivu hayo. Ubongo una ramani ya mwili mzima. Mwaka 1995 Flor na wenzake walionyesha kwamba kwa waliokatwa mkono, eneo la ubongo lililokuwa la mkono huvamiwa na jirani yake, mdomo. Na uvamizi ukiwa mkubwa, maumivu nayo ni makali. Mwaka 2001 waliwafundisha wagonjwa kutofautisha miguso kwenye kigutu, dakika 90 kwa siku, vipindi 10. Maumivu yalipungua na ramani ikarudi kuelekea ilivyokuwa. Walikuwa watu wachache, na ni mikono, si miguu, kwa hiyo siahidi. Mpeleke kwa daktari, zipo dawa za mishipa ya fahamu zinazosaidia.

Mume wangu ananikataza kazi zote kwa sababu ya kiuno. Anafanya vizuri?

Anakupenda, lakini hapana. Flor aliona kwamba mbele ya mwenza mwenye kubembeleza mno, ubongo wa mgonjwa huitikia maumivu kwa nguvu zaidi. Akusindikize kutembea dakika 10, kesho 12, badala ya kukulaza.

Kwetu hakuna mashine hiyo ya bayofidibaki. Nifanyeje?

Lala chali. Kunja ngumi kwa nguvu sekunde 5, kisha achia polepole ukiusikiliza mkono unavyokuwa mzito. Nenda mabega, taya, tumbo, mapaja. Mara mbili kwa siku, wiki sita, kisha niandikie.