Baridi ya Uyole, Mbeya, na matone ya njano

Hongera sana mdogo wangu. Umejifungua jana, kwenye matiti unaona matone tu, mama mkwe anataka mtoto apewe maji ya glukosi, na anaogopa ukimvua nguo umlaze kifuani, baridi hii ya Julai itampiga.

Usimpe glukosi. Hayo matone mazito ya njano ndiyo maziwa yenyewe, na kwa tumbo lile dogo yanatosha. Mengi huja kati ya siku ya 2 na ya 5, mradi anyonye mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku pia. Akishibishwa maji ataacha kunyonya, na hapo yatachelewa kweli.

Baridi nayo, kifua chako kinalishinda blanketi. Mwache na nepi, kofia na soksi, mlaze kifudifudi katikati ya matiti, ngozi kwa ngozi, mjifunike kitenge na blanketi juu, uso wake uwe wazi, nawe uwe macho. Ukisinzia, mpe mama mkwe ambebe. Utamwona analamba midomo, anajikokota kutafuta chuchu. Ngoja apanue mdomo, ashike na ile sehemu nyeusi inayozunguka chuchu. Ukiumia sana, mtoe umwanzishe upya.

Akilegea, akikataa kunyonya au akichemka, mpelekeni kituo cha afya saa hiyohiyo.