Umeumia kazini nchini Uganda na sasa bosi anakutisha: maswali yenu na majibu

*Nafanya kazi kiwanda cha plastiki Namanve, mwaka wa pili sasa. Mashine ilinikata vidole viwili. Nilipouliza fidia, supavaiza akasema ni uzembe wangu. Kesho yake askari wa geti alikuwa ameambiwa asiniruhusu kuingia. Nimekosa vyote?*

Pole sana, kaka. Hujakosa, ila siku zinakwenda. Una madai mawili, na mabosi hufurahi ukiyachanganya.

La kwanza ni vidole vyako. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inamtaka mwajiri alipe hata kama ajali ilitokana na uzembe wa mfanyakazi, kwa hiyo maneno ya supavaiza hayakuzuii kulipwa. Matibabu pia ni juu ya mwajiri. Daktari atapima umepoteza asilimia ngapi ya uwezo wa kufanya kazi, na fidia itafuata hapo. Aliyepoteza uwezo wote moja kwa moja hulipwa mapato ya miezi 60. Kufukuzwa hakufuti dai hili. Mpe mwajiri taarifa ya ajali ndani ya mwezi 1, kwa maandishi, ubaki na nakala. Usitegemee kwamba kila mtu aliona damu sakafuni. Siku ya kesi watu husahau.

La pili ni kufukuzwa. Sheria ya Ajira ya 2006 haikubali mtu aachishwe kazi kwa sababu amepeleka, au anataka kupeleka, malalamiko ya kweli dhidi ya mwajiri wake. Hata wakisema ulifanya kosa, walipaswa kwanza kukueleza kosa hilo kwa lugha unayoielewa na kukusikiliza, ukiwa na mtu uliyemchagua mwenyewe. Amri ya getini si kikao. Kwa kutokukusikiliza peke yake wanadaiwa mshahara wa wiki 4. Nenda kwa afisa wa kazi wa wilaya kabla ya miezi 3 kwisha tangu siku uliyozuiwa. Usiporidhika na uamuzi wake, unakata rufaa Mahakama ya Kazi.

*Mimi ni kibarua wa ujenzi Jinja, miezi saba mfululizo, sina karatasi yoyote. Nimevunjika mkono. Kontrakta anasema kibarua hana haki.*

Anakudanganya, ndugu yangu. Kanuni za Ajira za 2011 haziruhusu mtu kuwekwa kibarua zaidi ya miezi 4. Baada ya hapo unastahili mkataba wa maandishi na haki za mwajiriwa. Kama alikuwa anakulipa kwa simu, meseji za malipo zina tarehe na jina lake. Usizifute, wala usiuze simu hiyo.

*Mume wangu alipewa shilingi laki tatu akiwa bado wodini, akawekwa kidole kwenye karatasi kwamba hatadai tena. Imekwisha?*

Haijaisha, mama. Inaniuma kila nikisikia mtu ametiwa wino kidoleni akiwa kwenye dripu. Makubaliano ya fidia huhitaji idhini ya afisa wa kazi, na hayawezi kuwa chini ya kiwango cha sheria. Karatasi ya kuacha haki yako haina nguvu. Mpelekee afisa nakala pamoja na fomu za hospitali, na hizo laki tatu zitajeni wazi.

*Ni askari wa kampuni ya ulinzi. Boda ilianguka nikienda zamu ya usiku. Wiki tatu niko kitandani, mshahara umekatwa.*

Ukienda kazini moja kwa moja, safari hiyo huhesabiwa kuwa kazi. Ila ni wewe utakayethibitisha kwamba hukupitia kwingine, basi tafuta ripoti ya polisi wa trafiki na yule dereva wa boda. Mshahara wa mwezi wa kwanza wa kuumwa ni kamili, mradi ulikuwa umeshafanya kazi angalau mwezi mmoja. Mwisho wa mwezi wa pili, kama bado hujapona, mwajiri anaweza kusitisha ajira kwa masharti ya mkataba, lakini fidia ya jeraha inabaki palepale.

*Mwenzetu ameanguka kutoka jukwaa la miti. Anayekataa kulipanda hukatwa siku.*

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inamruhusu mfanyakazi kuondoka penye hatari kubwa ya wazi. Mwambieni msimamizi hatari ni ipi, mkiwa wengi, na mpige picha za jukwaa leo, kabla halijafungwa upya.