Maswali ya Wasomaji: Sauti ya Sebuleni

Safari hii tumejibu barua za homu thieta, sabufa na saundibaa. Jambo moja kwanza: madukani Tanzania, seti nzima ya spika mbili na boksi la besi huitwa sabufa, na Kenya wengi huiita wufa. Humu tukisema sabufa tunamaanisha lile boksi la besi peke yake.

Wati 12,000 au wati 100?

Nina sebule ya mita 4 kwa 5 na nataka homu thieta ya spika tano na sabufa. Dukani nimeonyeshwa mbili. Moja boksi lake limeandikwa wati 12,000 PMPO. Nyingine ni wati 100 RMS, na bei yake ni karibu mara mbili. Muuzaji ananishangaa ninavyositasita. Nichukue ipi?
Msomaji, Morogoro

Endelea kusitasita. PMPO, yaani wati za kilele cha mara moja, haina kanuni ya upimaji. Kila kiwanda hupiga hesabu yake chenyewe na hakuna wa kukisuta. Igeuze seti usome kibati cha nyuma, mahali palipoandikwa kitu kama 230V~ 50Hz 60W. Hizo wati 60 ndizo inazovuta ukutani. Kinachovuta 60 kitatoa wapi 12,000? Namba ya kibati nayo si kipimo kamili cha sauti, kwa kuwa hupimwa seti ikiwa haijafunguliwa hadi mwisho, ila inatosha kuliumbua boksi.

Linganisha RMS, yaani wati ambazo seti hutoa mfululizo, kwa RMS, na uulize kama hizo 100 ni za kila spika au za seti nzima. Kwa sebule yako hata za seti nzima si haba. Spika ya kawaida ikipewa wati 1 hutoa desibeli 85 hadi 88 ukiwa mita moja mbele yake. Kwenye kochi lililo mita 3 zinabaki kama 78, na tayari hiyo ni juu ya sauti ya watu wanaozungumza. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu, tofauti ndogo kwa sikio. Ili usikie kama sauti imekuwa maradufu unahitaji wati mara kumi. Ndiyo maana spika nzuri yenye wati 20 za kweli huishinda spika mbovu yenye 60.

Kinachostahili pesa yako zaidi ni matundu ya nyuma. Tafuta seti yenye tundu la HDMI lililoandikwa ARC, linalopokea sauti ya TV, na spika zinazofungwa kwa waya mtupu, kwa skrubu au kwa kubana. Seti nyingi za bei rahisi zina plagi za rangi zisizoingia kwenye seti nyingine. Ampli ikifa, spika zote tano zinakuwa mapambo. Spika iwe ya mbao, au walau isilie kama ndoo ukiigonga kwa kidole.

Dukani usikubali kupigiwa wimbo wa besi. Omba taarifa ya habari, punguza sauti hadi iwe ndogo, usikilize kama maneno ya msomaji bado yanaeleweka. Kisha usicheze kitu chochote, pandisha sauti hadi nusu, weka sikio kwenye spika. Mvumo mdogo wa hewa si tatizo, mngurumo ni tatizo.

Na je, spika tano unazihitaji? Kama nyumbani ni mpira, habari na tamthilia za king'amuzi, mara nyingi sauti inayokuja ni ya chaneli mbili, na spika za nyuma hupewa sauti ya kukisia. Kochi likiwa limeegemea ukuta, za nyuma hazina hata pa kukaa. Tungekushauri spika mbili nzuri na sabufa kwa pesa hiyohiyo, isipokuwa kama wewe ni mtu wa filamu hasa.

Risasi zinasikika, maneno hayasikiki

Fundi, shikamoo. Tuna homu thieta ya spika tano imeunganishwa na TV kwa HDMI. Filamu ikianza, milipuko inaamsha watoto, lakini watu wakizungumza hatusikii kitu. Tukiongeza tunasikia maneno, mara bunduki hiyo, tunakimbilia rimoti. Spika imekufa?
Msomaji, Mombasa

Marahaba. Pengine haijafa. Mazungumzo ya filamu karibu yote hupitia spika ya kati, kwa hiyo ihoji hiyo kwanza. Ingia kwenye mipangilio ya homu thieta, tafuta jaribio la spika. Kila moja italia kwa zamu yake. Ya kati ikikaa kimya, kagua waya wake. Ikilia sawasawa, kosa liko kwenye kinachotumwa na TV.

Fungua mipangilio ya sauti ya TV, sehemu ya sauti ya nje. Ukikuta PCM, mara nyingi TV inatuma chaneli mbili tu, na homu thieta ikiwa kwenye hali ya stereo spika ya kati inalala kabisa. Badilisha iwe «Bitstream» au «Auto», cheza filamu yenye sauti ya 5.1 (spika tano na sabufa), uone kama kioo cha homu thieta kinaandika Dolby Digital. Filamu yenyewe ikiwa ya chaneli mbili, washa hali ya «Dolby Surround» au «Pro Logic» ili maneno yachujwe na kupelekwa kati.

Baada ya hapo pandisha spika ya kati kwa desibeli 2 au 3, ushushe sabufa kiasi hichohicho. Usiku tumia kitufe cha «Night» au «DRC», ambacho huibana milipuko na kuinua minong'ono. Utamu wa filamu unapungua kidogo, lakini watoto wanalala.

Halafu tazama spika ilipokaa. Wengi huisukuma ndani ya kabati, nyuma ya kioo na maua ya plastiki, au huilaza chini ikawa inaongea na magoti. Ilete hadi ukingo wa rafu, chini ya TV, uinue mbele kwa kipande cha mpira ili ielekee masikio.

Mwisho piga makofi mara moja katikati ya sebule. Ukisikia mlio unaotetemeka baada ya kofi, vigae na kuta tupu vinarudisha maneno yakiwa yamepishana. Mkeka wa ukili ni mwembamba mno kwa kazi hii. Weka zulia zito kati ya TV na kochi, na pazia la kitambaa kizito kwenye ukuta mmoja. Kwa sebule za pwani, hili peke yake wakati mwingine hufanya kazi kuliko spika mpya.

Mngurumo kama wa nyuki

Kila nikiunganisha king'amuzi na redio yangu kwa waya zile nyekundu na nyeupe, spika zinanguruma muda wote. Nikicheza flashi hakuna mngurumo. Fundi wa mtaa amesema tukate waya wa ethi kwenye plagi. Ni sawa?
Msomaji, Arusha

Si sawa, na msifanye hivyo. Waya wa kijani na njano upo ili bodi ya chuma ikishika umeme, fyuzi ikatike badala ya mtu kupigwa shoti.

Shusha sauti hadi sifuri. Mngurumo ukibaki palepale, ugonjwa uko ndani ya redio, mara nyingi kapasita kubwa za pawa zilizokauka au kuvimba kichwani. Ukipungua pamoja na sauti, unatoka nje, na maelezo yako yanaelekea huko. Sasa chomoa kebo ya dishi nyuma ya king'amuzi huku kila kitu kimewaka. Kukawa kimya, umeshamkamata.

Dishi lina nguzo ya chuma iliyogusa ukuta au ardhi, na redio ina ethi yake ukutani. Njia hizo mbili za kwenda ardhini hazilingani kwa volti, basi umeme kidogo unapita kati yake kupitia ganda la waya wa sauti, nao una mdundo wa umeme wa nyumbani, 50 Hz. Ndio huo nyuki wako.

Anza na tiba ya bure: TV, king'amuzi na redio vyote vichomekwe kwenye ekstensheni moja, soketi moja ya ukuta. Ukibaki, tumia waya wa optiko kama redio na king'amuzi au TV vina tundu lake. Unapitisha mwanga badala ya umeme, kwa hiyo mzunguko unakatika. Redio isipokuwa na tundu hilo, nunua kitenganishi cha transfoma cha waya za nyekundu na nyeupe, ukiweke kati ya king'amuzi na redio. Usinunue kitenganishi cha kawaida cha antena kwa ajili ya kebo ya dishi: king'amuzi hupandisha volti 13 au 18 kwenye kichwa cha dishi kupitia kebo hiyohiyo, na kitenganishi kikizizuia utapoteza picha.

Ikitokea ni kapasita, mpya iwe na mikrofaradi zilezile, volti zisipungue za zamani, ya nyuzi joto 105, na alama ya kutoa ikae upande wake. Kapasita kubwa hubaki na umeme hata plagi ikiwa imechomolewa. Mwachie fundi.

Ampli ya Japani imelia «pap»

Nimenunua ampli iliyotumika kutoka Japani. Nilipochomeka tu, ikalia pap na kimya.
Msomaji, Temeke

Soma kibati: bila shaka kimeandikwa 100V. Umeipa 230. Kama una bahati ni fyuzi peke yake. Ibadilishe kwa ampea zilezile, na usifunge uzi wa waya mahali pake. Fyuzi mpya ikiungua nayo kwenye umeme ulioshushwa, huenda transfoma ya ndani imeungua, na hapo gharama ya kuisuka upya itazidi ya ampli nyingi.

Transfoma ya kushushia umeme iwe inatoa volti 100 hasa. Nyingi sokoni hutoa 110, asilimia 10 zaidi, na vifaa vya zamani huchemka nazo. Ukubwa wake uwe mara moja na nusu hadi mbili ya wati za kibati. Angalia pia kama imeandikwa 50/60Hz. Japani ya mashariki hutumia 50 na magharibi 60, hivyo vifaa vingi vya kule hukubali zote.

Na redio ya FM ndani yake usiitegemee. Japani FM huanzia 76 MHz, na seti nyingi za zamani huishia 90, kama zile za magari ya kutoka huko. Stesheni zako nyingi ziko juu ya hapo.

Inajizima ukumbini

Nimeongeza spika mbili kwenye homu thieta ili zicheze na kibarazani. Sauti ikifika nusu inaandika «Protect» na kuzima.
Msomaji, Kisumu

Umefunga spika mbili kwenye tundu moja, kutoa kwa kutoa na kujumlisha kwa kujumlisha. Mbili za omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) zikifungwa hivyo zinakuwa omu 2, na ampli iliyotengenezwa kwa 4 inavuta mkondo maradufu hadi ijilinde. Zifunge kwa mfululizo: kujumlisha ya ampli iingie spika ya kwanza, kutoa ya kwanza iende kujumlisha ya pili, kutoa ya pili irudi kwenye ampli. Utapata omu 8, sauti itapungua kidogo, haitazima.

Kama ilijizima hata kabla ya nyongeza, tafuta unyuzi mmoja wa shaba uliotoroka ukagusa tundu la jirani, na uhakikishe juu ya ampli pana nafasi ya sentimita 10 hivi. Vitambaa vya kufuma vya kufunikia redio viondoke.

Waya wa kibarazani usiwe ule mwembamba wa kwenye boksi. Shaba ya milimita za mraba 1.5 inatosha kwa omu 8 hadi mita 15. Kwa omu 4 usivuke mita 8; zaidi ya hapo chukua 2.5. Ukikwaruza uzi na ndani ukaonekana mweupe, ni alumini iliyopakwa shaba. Panda saizi moja juu.

Besi inavuma noti moja tu

Sabufa ipo pembeni mwa kona, kila wimbo unavuma vilevile.
Msomaji, Tanga

Kona huikuza besi kupita kiasi. Chumba cha mita 4, kwa mfano, huvuma karibu na 43 Hz. Iweke sabufa kwenye kochi unapokaa wewe, cheza wimbo wenye besi inayotembea, kisha utambae kando ya kuta ukisikiliza. Pale noti zote zinaposikika sawa, hapo ndipo pa kuiweka. Kikato, yaani mpaka ambapo chini yake sauti inaachiwa sabufa, kiwe 80 Hz. Kama spika zako ni ndogo za kiganja, 120.