Turbo nyingine kwenye manifoldi ya 1HD-T: anza na bomba la oili

Mkuu, umesema una Land Cruiser 80 yenye injini ya 1HD-T, turbo yake ya CT26 imekula shafti, na umepata turbo ya Garrett yenye flenji (uso wa kufungia kwa bolti) ya T3 kwa bei ya kutupwa. Fundi wako anataka akate mdomo wa manifoldi, lile bomba linalokusanya moshi wa injini na kuupeleka kwenye turbo, achomelee flenji mpya, nawe unauliza kama itashika. Yangu ilishika mpaka mlima Nyang'oro.

Kazi hii nimeifanya mara tatu, mbili kwenye gari langu na moja kwenye la shemeji, zote hapa Dodoma. Ya kwanza nilimwachia fundi wa kuchomelea mageti. Alichomelea vizuri kwa macho, mshono umelala kama magamba ya samaki. Kijana wake, kwa haraka ya kunirahisishia, akamwagia maji. Nikasikia "tii!" Sikuitilia maanani. Siku ya pili tukaondoka kwenda Iringa. Mpaka Mtera gari tamu kabisa, tumeanza kupanda Nyang'oro shemeji akaniuliza, "Shem, huo mluzi ni wa turbo?" Nikamjibu ni wa turbo. Kona mbili mbele gari likawa zito, moshi mweusi nyuma kama tunachoma tairi. Nikasimama, nikafungua boneti: mstari mweusi wa masizi umezunguka robo tatu ya mshono.

Manifoldi ni kasti, chuma cha kusubu, kina kaboni asilimia 2 hadi 4. Ukikichomelea kwa kijiti cha kawaida, ile sehemu inayopakana na mshono inapoa haraka na kuwa ngumu kama kioo. Mshono nao ukipoa unajikunja, unavuta, na kioo hakivutiki. Yale maji yalimalizia tu. Kama huna namna ila kuchomelea, dai vijiti vya nikeli, manifoldi ipashwe moto yote kwanza, ichomelewe vipande vifupi vya sentimita 2 au 3 huku kila kipande kikigongwagongwa kwa nyundo kingali cha moto, kisha ifukiwe kwenye majivu mpaka kesho yake. Tena ifungwe bolti kwenye pleti nene wakati wa kuchomelea, la sivyo utapata manifoldi iliyopinda. Fundi akikucheka kwa habari ya majivu, chukua manifoldi yako uondoke.

Mimi siku hizi sichomelei kabisa. Naweka pleti ya kuunganisha katikati: upande mmoja inapokea manifoldi, upande wa pili inapokea turbo. Chukua gasketi ya manifoldi na gasketi ya turbo, zichore juu ya boksi gumu, kata, kisha zilaze moja juu ya nyingine uzungushe mpaka mashimo ya bolti yasipandiane. Hapo ndipo utajua kama pleti moja inatosha. Yakipandiana kila ukizungusha, itabidi uweke pleti mbili zenye kipande cha bomba katikati, na turbo inasogea mbali na mahali pake. Kwenye gari la shemeji ilisogea ikagusa bomba la hita.

Pleti yangu ni chuma cha kawaida cha milimita 12. Nikuambie kwa nini si 6, maana wa dukani atakwambia 6 ni nene. Stadi za turbo, zile bolti zisizo na kichwa, zinaingia kwenye nyuzi za pleti yenyewe, na stadi ya milimita 10 inataka kushika nyuzi angalau milimita 10. Kwenye pleti ya 6 nyuzi zitang'oka siku ya kukaza. Bolti zinazoshika upande wa manifoldi vichwa vyake vizame ndani ya pleti, visibaki hata unywele juu, vinginevyo turbo haitalala. Tundu la katikati usilitoboe duara ukaridhika. Upande wa manifoldi lifuate umbo la mdomo wa manifoldi, upande wa turbo lifuate umbo la turbo, na katikati ulisugue kwa grenda ndogo lipokezane taratibu bila ngazi. Nilitumia jioni mbili kwa hilo tundu peke yake na sikujuta.

Usawa nilipima kwa rula ya chuma na fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya. Palipopitisha 0.1 mm nilirudi kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo kinene. Gasketi ziwe za chuma. Ile silikoni nyekundu iache kwenye sampu, karai la oili chini ya injini, maana moshi unaoingia kwenye turbo injini ikikabwa unafika nyuzijoto 700 na silikoni haifiki hata nusu ya hapo bila kuteketea.

Sasa hayo yote ya flenji ndiyo watu wanauliza, na ndiyo rahisi. Mara ya pili pleti yangu ilikuwa safi, haivuji popote, lakini gari likitulia kwenye foleni linatoa moshi wa bluu. Nikadhani turbo mbovu, nikaifungua bure. Kumbe nilipozungusha ili bolti zisipandiane, turbo nzima ililala upande. Oili inaingia kwenye beringi kwa presha lakini inatoka kwa uzito wake tu, kama maji ya paa. Tundu la kutokea likilala, oili inajaa ndani na kupita kwenye sili, inaungua. Tundu hilo litazame chini, lisizidi nyuzi 35 kutoka wima, bomba lake liwe pana, lisipinde kwenda juu popote, na liingie kwenye sampu juu ya usawa wa oili.

Dawa ni kulegeza magamba mawili ya turbo, la moshi na la hewa, ukasimamisha kitovu, ile sehemu ya kati yenye beringi, wima, kisha ukayakaza tena. Ila angalia kile kikopo kinachofungua geti la kupunguza upepo: mara nyingi kimefungwa kwenye gamba la hewa, ukilizungusha fimbo yake inakwenda kombo. Mimi nililazimika kukitengenezea kishikizo kipya.

Mengine kwa haraka. Bomba la ekzosi liwe na kishikilio chake, lisining'inie kwenye turbo. Tundu la geji ya joto la moshi litoboe wakati manifoldi ikiwa mezani, kabla ya turbo kufungwa, chembe moja ya chuma inaharibu mapanga. Muda wote matundu yazibwe kwa tambara safi, huku kwetu mwezi wa nane upepo haubishi hodi. Kabla ya kuwasha, chomoa waya wa solenoidi ya kukata dizeli kwenye pampu, piga starta kwa vipindi mpaka uone oili inatiririka kwenye bomba la kurudi. Na skrubu ya kuongeza dizeli kwenye pampu usiiguse kabla geji hiyo ya joto haijafungwa. Tuko mita 1,100 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, turbo inahangaika zaidi kuleta upepo uleule wa Dar.

Kwa hiyo usimpe fundi hela leo. Ishikize hiyo Garrett mahali pake kwa waya, tundu la oili likitazama chini, kisha ingia chini na tochi utazame bomba lake litapita wapi mpaka kwenye sampu. Piga picha mbili, moja ya hapo chini na nyingine ya pengo lililobaki kati ya flenji na flenji, uzitume hapa na vipimo vyake. Pengo likiwa chini ya sentimita 2, nitakuchorea pleti mwenyewe.