Dawa Moja, Paketi Tatu

Mwezi wa saba, baridi ya Uyole, Mbeya, haina mchezo. Mwaka juzi mafua yalinibana wiki nzima, kichwa kinagonga, kiuno nacho kinauma. Nikafanya kama nilivyozoea: nikaingia duka la dawa, nikataja ninazozitaka, nikalipa, nikaondoka. Panadol nilikuwa nayo tayari mkobani.

Siku ya tatu nikapita famasi moja ya Mwanjelwa kuongeza dawa ya mafua. Binti mfamasia akaniamkia, halafu akauliza, "Mama, tangu uanze kuugua umeshameza nini?" Niliudhika, maana daladala ilikuwa inaniacha. Hata hivyo nikatoa vyote. Akavipanga kaunta, akanionyesha kwa ncha ya kalamu maandishi madogo yaliyo chini ya jina kubwa. Ya kichwa, ya mafua, ya kiuno: zote tatu zina paracetamol. Ile ya kiuno imechanganywa na diclofenac, dawa ya maumivu inayochokoza tumbo, nami nilikuwa naimeza kabla ya chai, na vidonda vya tumbo ninavyo.

Tukahesabu pamoja. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya paracetamol vya miligramu 500 kwa saa 24. Nilikuwa nimevipita. "Ini halilii mapema, mama," aliniambia. "Ukilisikia, limeshaumia."

Nikamwomba basi dawa za rangi mbili, yaani antibiotiki, hata sita tu. Akakataa. Mafua yanaletwa na virusi, na zile zinaua bakteria. Tena hazitolewi bila cheti cha daktari. Zamani ningemwona ana maringo. Siku hiyo nilikaa nikamsikiliza.

Nyumbani nina kopo la Blue Band la dawa zilizobaki, kama kina mama wengi tunavyofanya. Jumamosi nikampelekea lote. Ndani yake mlikuwa na mseto wa malaria wa mwanangu, dozi niliyoikatisha siku ya pili homa iliposhuka. Dozi hiyo ni siku tatu hata mtoto akiwa anacheza uwanjani, na humezwa na chakula chenye mafuta kidogo ili mwili uipokee vizuri. Miaka yote hiyo nilikuwa sijui!

Kwa hiyo wenzangu, nendeni na paketi zenu, msiende na majina ya kichwani. Semeni kabla ya kuulizwa kama una mimba, unanyonyesha, una presha, au una dawa unayomeza kila siku. Mtoto asitumwe na paketi tupu apewe "kama hizi". Na msidharau maduka ya dawa muhimu ya mitaani. Utaratibu wake ulianzia Ruvuma mwaka 2003, na watoa dawa wake husomeshwa kwanza. Ukikuta muuzaji anayekupa bila kukuuliza lolote, muulize wewe: ndani yake kuna nini, nimeze na nini, na nikiona dalili gani nikimbilie hospitali?

Mimi huenda famasi saa nane mchana, foleni ikiwa imepungua, na yule binti mfamasia anapata nafasi ya kunieleza.