Dawa ya mbwa si dawa ya paka: majibu ya maswali yenu kuhusu viroboto

Mvua za masika zimekatika, nyumba zimebaki na unyevunyevu wake, na viroboto wamezaana kwelikweli. Katika maswali mliyoniletea mimi daktari wa mifugo, kutoka mitaa na miji ya Unguja na Pemba, nimechagua haya sita. La kwanza nimelipa nafasi kubwa kwa sababu kosa lake linaua, na hutokea ndani ya nyumba za watu wanaowapenda paka wao.

Mkunazini: Assalaam alaykum, daktari. Mwanangu ameniletea kutoka Dar es Salaam boksi la dawa ya viroboto, ile ya kudondosha shingoni. Boksi lina picha ya mbwa. Mimi sina mbwa, nina paka wawili. Nikiwatia nusu nusu, si itafaa?

Waalaykumu ssalaam, bibi yangu. Usiwatie, hata robo. Liweke boksi hilo mbali na paka, kisha mwambie mjukuu mwenye macho mazuri akusomee maandishi madogo ya ubavuni. Akikuta neno "permethrin", basi hiyo ndiyo permetrini, na kwa paka hakuna dawa ya viroboto ninayoiogopa zaidi.

Permetrini imetengenezwa kwa kuiga sumu ya asili iliyomo kwenye ua la pareto. Mwili wa mbwa huivunja ikatoka. Ini la paka limepungukiwa na vimeng'enya vya kazi hiyo, kwa hiyo dawa hukaa mwilini ikichokoza mishipa ya fahamu. Matone ya mbwa ya aina hii huwa na permetrini asilimia 45 hadi 65. Mililita 1 tu ya ile ya asilimia 45, yaani kama matone ishirini, inaweza kuhatarisha maisha ya paka wa kilo 4.5, na paka wetu wengi wa mjini hata uzito huo hawaufikii. Ndiyo maana hiyo nusu haimwokoi.

Niliwahi kuletewa usiku paka wa kijivu ndani ya kapu la ukili. Mchana wake alikuwa ametiwa dawa ya mbwa iliyomiminwa dukani kwenye kichupa kisicho na karatasi. Masikio yalikuwa yakichezacheza kama yanayotuliwa na nzi. Baadaye ikawa uso, kisha akawa ananyanyua mguu mmoja mmoja kama anayekanyaga mchanga wa saa saba mchana, mwishowe mwili mzima ukatetemeka na hakuweza kusimama. Tulimwosha, tukampa dawa ya kutuliza misuli, tukakesha naye. Alipona. Wapo wasiopona.

Ikiwa mtu amekwisha kumtia paka dawa hiyo, asingoje dalili, maana zinaweza kuanza baada ya saa chache na wakati mwingine hadi siku 3. Amwoshe pale pale kwa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na maji ya uvuguvugu, asitumie ya moto wala ya baridi. Amkaushe, amfunike taulo asipate baridi, ampeleke kwa daktari wa mifugo pamoja na boksi. Asimnyweshe maziwa wala mafuta, na asimtapishe.

Kwa paka wako tafuta matone yenye picha ya paka yaliyo na fipronili, au imidaklopridi bila permetrini ndani yake, au selamektini. Uzito wa paka lazima ulingane na ulioandikwa. Kuupima si kazi: mtie ndani ya kapu, litundike kwenye mizani ya kuning'iniza ya muuza samaki, kisha toa uzito wa kapu. Dawa idondoshwe nyuma ya shingo karibu na kichwa, pale ulimi usipofika. Tenga manyoya mpaka uione ngozi. Matone yakibaki juu ya manyoya, pesa yako imepotea.

Wete: Shikamoo daktari. Huku kwetu mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, hayana shida kupatikana. Mama anataka tumpake paka kwa sababu harufu yake inafukuza kila mdudu. Na mwarobaini je?

Marahaba, mwanangu. Mama hakusema uongo, harufu ile wadudu hawaipendi. Shida ni paka mwenyewe. Sehemu kubwa kabisa ya mafuta ya karafuu, yawe ya makonyo au ya karafuu zenyewe, ni kitu kiitwacho yujenoli. Hicho nacho kinahitaji ini lenye vile vile vimeng'enya nilivyomtajia bibi wa Mkunazini, ambavyo paka amepungukiwa navyo. Na paka hujilamba kutwa. Ulichompaka mgongoni asubuhi, adhuhuri kimo tumboni. Atatoa mate, atayumba, na ini laweza kuharibika. Ngozi yenyewe nayo huungua: wewe uliyewahi kutia tone la mafuta hayo kwenye jino bovu unajua jinsi yanavyochoma ufizi.

Mimi ni mtu wa visiwa hivi na karafuu naienzi. Iacheni kwenye chai, kwenye pilau na kwenye sanduku la nguo. Mafuta yake yasipakwe mnyama, na hili ni kwa mbwa pia.

Mafuta ya mwarobaini nayo yamewahi kudhuru paka, kwa hiyo yaepukeni. Mkitaka kuchemsha majani mpigie deki, sina pingamizi, ila msitegemee yamalize viroboto. Kitunguu thomu alishwe mtu: kwa paka na mbwa kinavunja chembe nyekundu za damu. Na mafuta ya taa, tafadhali sana, hapana. Yanababua ngozi, na mnyama akijilamba yanaweza kumwingia mapafuni.

Makunduchi: Mimi ni msasi, nina mbwa watano. Nawaogesha kwa dawa ya ng'ombe, napima kwa kifuniko. Kupe wanakufa, viroboto hawafi. Niongeze kipimo?

Usiongeze, bwana. Kama hiyo dawa ni amitrazi, na nyingi za kuogeshea ng'ombe ndiyo, basi inafanya kazi yake: ni dawa ya kupe, viroboto haiwawezi. Ukizidisha kipimo viroboto watabaki vile vile, na mbwa ndiye atakayelala, moyo upungue mapigo na mwili upoe. Watoto wa mbwa ndio huathirika zaidi, na kwa paka usiifikirie kabisa. Zipo pia dawa za ng'ombe za jamii ya oganofosfeti. Hizo zikizidi mbwa hutokwa na mate na machozi, hutapika, huharisha, na mboni za macho husinyaa. Zote hizo hupimwa kwa ajili ya josho au bomba la ng'ombe, na kifuniko si kipimo.

Kwa mbwa wa porini mimi napendekeza kidonge. Afoksolaneri hukaa mwezi, fluralaneri kama wiki 12, na vyote viwili huua viroboto na kupe. Kupe kwa mbwa wako ni jambo zito, kwa sababu humwambukiza maradhi ya damu. Kidonge hupewa pamoja na chakula, kwa uzito wa kila mbwa. Najua wengi wetu hatupendi kumshikashika mbwa kwa ajili ya tohara ya ibada. Kidonge unakificha ndani ya kipande cha nyama na kumtupia, ila simama umwone amekimeza. Sharti moja: mbwa aliyewahi kuanguka kifafa asipewe kabla ya kuongea na daktari. Mwaka 2018 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba dawa za jamii hii huweza kuleta mtetemeko na kifafa kwa baadhi ya wanyama. Mbwa walio wengi huzitumia bila tatizo.

Ni ghali, sikatai. Mkikaa wasasi kadhaa mkachanga, mkamwita daktari mara moja akawapimia mbwa wote, mzigo unapungua.

Jang'ombe: Nimemtia paka dawa sahihi, ya paka, kwa uzito wake. Siku kumi baadaye viroboto tele. Nimeuziwa feki?

Huenda dawa ni nzima. Viroboto unaowaona juu ya paka ni kama asilimia 5 tu ya walio nyumbani. Wengine wako kwenye mikeka yako, bado hawajawa viroboto.

Jike mmoja hutaga mpaka mayai 50 kwa siku. Mayai hayana gundi, kwa hiyo paka akijitikisa yanamwagika pale anapolala: chini ya kitanda, kwenye zulia, kwenye ufa wa sakafu. Yanaanguliwa mabuu yanayokimbia mwanga na kula mavi makavu ya viroboto wakubwa, ambayo ni damu ya paka wako iliyokauka. Kisha buu hujifungia ndani ya kifuko kinachonata vumbi, na humo dawa haimfikii. Anaweza kungoja miezi mpaka asikie hatua za mtu, joto au pumzi, ndipo atoke na kuruka. Ndiyo sababu nyumba iliyofungwa muda mrefu, siku ya kufunguliwa viroboto huvamia miguu. Kwa joto na unyevu wetu, kutoka yai mpaka kiroboto mzima huchukua kama wiki tatu tu.

Kwa hiyo endelea na dawa kila mwezi kwa miezi 3 mfululizo, na wanyama wote wa nyumba, asiachwe hata mmoja. Toa mikeka na mazulia, yapige kwa fimbo, yaanike jua kali kutwa. Kitambaa anacholalia paka kifue kwa maji ya moto kila wiki. Fagia mpaka chini ya makabati, na taka usiziache kwenye pipa la ndani. Kama lazima upulize dawa ya wadudu, soma kopo kwanza. Nyingi za mbu na mende ni za jamii ile ile ya permetrini, kwa hiyo paka akae nje ya chumba mpaka sakafu ikauke kabisa na madirisha yafunguliwe.

Na kama huna hakika ni viroboto, chana mgongo wa paka karibu na mkia juu ya kitambaa cheupe kilicholowa. Vitadondoka vitone vyeusi kama unga wa pilipili manga. Ngoja kidogo. Vikitoa mduara mwekundu wa kutu, ni damu, na jibu umelipata.

Michenzani: Paka wangu ana vitu kama punje za mchele nyuma, karibu na mkia. Vinatembea.

Ni vipande vya tegu. Paka humpata kwa kumeza kiroboto anapojilamba, na mtoto mdogo akimeza kiroboto kwa bahati mbaya naye humpata. Mpe paka prazikwanteli kwa uzito wake, na umtibu viroboto wakati huo huo, la sivyo tegu watarudi.

Chake Chake: Nimeokota watoto watatu wa paka, macho yamefunguka juzi tu. Viroboto wamewajaa mpaka usoni. Niwatie dawa gani?

Usiwatie yoyote, mwanangu. Matone mengi ya paka huruhusiwa kuanzia wiki 8, na hawa hata wiki 3 hawajafika. Kazi hii ni ya mkono wako na kitana cha chawa. Weka bakuli la maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo ya vyombo. Chana, chovya kitana, kiroboto azame, chana tena. Anzia shingoni, maana viroboto wakisumbuliwa hukimbilia kichwani. Wakiwa wengi mno, mwoshe mtoto mmoja mmoja mpaka shingoni, dakika chache tu, umsuuze, umkaushe mpaka ndani ya manyoya na umweke kifuani kwako au karibu na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa. Baridi inawaua upesi kuliko kiroboto. Rudia kuchana kila siku na badilisha kitambaa wanacholalia. Ukimpata mama yao, yeye atiwe selamektini, inaruhusiwa kwa paka anayenyonyesha.

Sasa hivi, kabla ya kuchana, nyanyua mdomo wa kila mmoja uangalie ufizi. Unatakiwa uwe wa waridi. Kwa mwili mdogo kama huo viroboto hunyonya damu mpaka ikaisha, na ukiona ufizi mweupe kama karatasi, mtoto huyo mfunike vizuri umpeleke kwa daktari leo hii, usingoje asubuhi.